Naomba ushauri: kuwahoji wanawake gerezani mbele ya afande

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu jinsi wanawake wafungwa nchini Kenya wanavyojitambua: mama, mfungwa, fundi cherehani, au yote kwa pamoja. Kibali cha NACOSTI (tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti) ninacho, na gereza limenikubalia. Shida ni kwamba afande lazima aketi nasi chumbani. Basi kila ninayemhoji ananijibu kwa lugha ya taasisi: "Nimerekebika, nimepata ujuzi." Mmoja alikuwa akinyonyesha (sheria inaruhusu mtoto akae na mama hadi miaka 4). Nilipomuuliza mwanawe atalelewa na nani baadaye, alimtazama afande kwanza, ndipo akasema, "Tutaona."

Msimamizi wangu anasema kule kutazama kwenyewe ni data. Sawa, lakini siwezi kuandika tasnifu nzima juu ya macho!

Mliowahi kutafiti magerezani, nimwombe afande akae mlangoni, aone bila kusikia? Au niwatafute waliokwisha kuachiliwa, kupitia mashirika yanayowasaidia? Nahofia hao wameshajisimulia upya. Na suala la ridhaa je, mtu aliye kifungoni anaweza kweli kunikatalia?