Tupeane uzoefu: nani mguu wake umewahi kulipia ndala kwenye pikipiki?

Mgosi wa Duga

Wagosi habari zenu. Wakubwa shikamooni. Naandika hapa mguu wa kushoto uko juu ya stuli, wiki ya tano hii, na mabati ya jirani nimeshayahesabu hadi nimechoka.

Kisa chenyewe hakina hata ushujaa wa kusimulia. Ijumaa natoka mazikoni Tongoni narudi mjini, kanzu nimeipandisha kiunoni, mguuni makubazi mapya. Mwendo wa bajaji iliyochoka. Mbuzi akakatisha, akaghairi, akarudi. Nikashika breki ya mbele juu ya mchanga uliomwagika barabarani, pikipiki ikalala upande wa kushoto taratibu kabisa, kama ng'ombe anayejilaza. Kichwa hakikugusa chini. Helmeti haina hata mkwaruzo. Ila mguu ulinasa kati ya kikanyagio na barabara, na pikipiki ikaendelea kuteleza kama hatua 3 hivi huku imenilalia. Kubazi lilichomoka mwanzo tu. Kilichobaki kulinda kifundo ni ngozi niliyozaliwa nayo.

Vijana walioninyanyua, mmoja akatazama akageukia pembeni. Nikaangalia mwenyewe: lile nundu la kifundo upande wa nje limekuwa jeupe, halafu vikaanza kutoka vitone vyekundu, kimoja kimoja, kama jasho. Mchanga umeingia ndani. Hospitali waliusugua kwa brashi. Hiyo brashi sitaki kuisimulia.

Kinachoniuma, miaka 11 naendesha, helmeti sijawahi kuacha, na mguu sikuufikiria hata siku moja. Hata trafiki akikusimamisha anatazama kichwa. Basi tupeane uzoefu: nani kaumia, nani anavaa nini, na joto letu hili mnaliwezaje. Wa kunicheka naye aje, nimezoea.

Kijana wa Kange

Pole sana kaka. Ila tuseme ukweli, buti kwa Tanga hii? Mwezi wa pili saa nane mchana pale stendi hata kivuli kinatoka jasho. Mimi napakia tangu alfajiri: nashuka, nabeba mzigo wa mama wa watu, naingia msikitini, natoka, nasogea tena. Ndala ndiyo kiatu cha kazi. Ukivaa buti kutwa mguu unaota uyoga.

Nesi Mstaafu

Mdogo wangu wa Kange, fangasi wa vidole anatibika kwa dawa ya kupaka. Kisigino kilichosagwa hakitibiki hivyo. Miaka mingi nimekaa wodi ya majeruhi, sitasema wapi.

Nikuambie nilichokiona. Watu wanadhani majeruhi wa bodaboda ni kichwa tu. Vichwa vipo, na ndivyo vinavyoua. Lakini wanaokaa wodini muda mrefu, wanaouza pikipiki yenyewe ili walipe matibabu, wengi ni wa miguu. Mguu kuanzia chini ya kifundo una mifupa 26, midogo midogo, imepangwa kama kokoto za sakafu. Ukiuvunja muundi, ni mfupa mmoja mnene, unawekewa chuma unaunga. Ukiisaga ile midogo, hata ikiunga, utembeaji wako si ule tena.

Ngozi ya kisigino nayo ni jambo ambalo wengi hawalijui. Ngozi ya paja ukiikwangua, daktari anaweza kukutolea ngozi pengine akapandikiza. Ya chini ya kisigino ni nene, ina mto wake wa mafuta ndani, na pengine mwilini hakuna nyingine kama hiyo isipokuwa kisigino cha pili. Nilikuwa na kijana mmoja fundi rangi, akiteremka ngazi za wodi kinyumenyume kwa sababu ya kisigino. Kinyumenyume, jamani, umri wake hata 25 hajafika.

Mgosi wa Duga, ulichomwa sindano ya pepopunda? Nijibu.

Mgosi wa Duga

Nilichomwa shangazi, siku ile ile. Shikamoo.

Mama Wawili, Sahare

Marahaba ya nesi haijafika nami nimeingia. Mnaongea madereva tu, na sisi tunaopakiwa?

Mimi nina chapa ya ekzosi ndani ya mguu wa kulia, duara kama sahani ya kikombe. Nilishukia upande wa kulia kwa haraka, dera limenizonga, ekzosi ikanibusu. Shoga yangu akanipaka dawa ya meno, mwingine akaja na unga wa ngano. Nilikuwa karibu kuwa chapati. Kidonda kilikaa miezi.

Lakini hilo si kitu. Mwanangu wa pili nilimpakia katikati, dereva mbele, mimi nyuma, kandambili mguuni. Karibu na shule kandambili ikaning'inia, akataka kuidaka kwa vidole, mguu ukaingia kwenye spoki. Dereva alikuwa anapunguza mwendo, ndiyo salama yetu. Kisigino kilichanika nyuma kama ulimi wa kiatu. Siku hizi mtoto hapandi pikipiki bila viatu vya shule vilivyofungwa kamba, hata kama tunakwenda dukani.

Nesi Mstaafu

Marahaba wote. Mama Wawili, umesema la maana. Ukiungua na ekzosi: maji baridi ya bomba yatiririke juu ya kidonda dakika 20. Saa ikuonyeshe 20 kweli, si kumwagia kopo moja. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, mafuta hapana, unga hapana. Na mwenye kisukari awe mwangalifu mara mbili, maana mguu wake unaweza kuungua asijue. Nilimpokea mzee aliyegundua kaungua baada ya kusikia harufu.

Na mpande na kushuka upande wa kushoto. Pikipiki zetu nyingi ekzosi iko kulia.

Mpanda Amani

Salaam kutoka juu, leo ukungu hatuoni hata majani ya chai. Mimi nashusha iliki na pilipili manga hadi Muheza, ile barabara wenye nayo mnaijua, masika tope jekundu linateleza kama sabuni ya kipande.

Nilianza na gambuti. Zinazuia tope, hilo sikatai. Lakini nina mashtaka mawili. La kwanza, siku nimeanguka kwenye kona, mguu ulitoka, gambuti likabaki limebanwa chini ya pikipiki limesimama peke yake kama linanisubiri. Kiatu kinachokutoka kwenye ajali ni sawa na kutovaa. La pili, ukiligusisha kwenye ekzosi linayeyuka na kuganda, na ukute limegusa ngozi yako likiwa uji.

Nikahamia buti za ngozi za kamba. Hapo nikajifunza jingine. Nafika Muheza penye wauza machungwa, nasimama, nashusha mguu wa kushoto, mguu hauji. Kitanzi cha kamba kimevaa pedeli ya gia. Nikaanguka mzimamzima, nimesimama hivyo hivyo, mbele ya meza za machungwa na akina mama wote wanatazama. Hakuna aliyeumia isipokuwa heshima. Tangu siku hiyo nafunga kamba fupi, vitanzi navisokomeza ndani ya buti. Anayevaa buti za kamba asiruke hatua hii.

Kijana wa Kange

Hahaha mgosi wa Amani umeniua. Machungwa mangapi yalianguka?

Mpanda Amani

Hata moja. Walinipa moja la pole.

Fundi wa Makorora

Nimesoma yote kwa utulivu, sasa nichangie kama mshona viatu na mwendeshaji.

Watu wengi mnakwenda mitumbani mnanunua buti kwa sura. Sura haisaidii. Likamate buti kwa mikono miwili, moja huku moja huku, libane soli kwa upana kama unayekamua nguo. Likikunjika kama mkate wa mchele, pikipiki ikikulalia litakunjika vivyo hivyo na mguu wako ndani. Soli inatakiwa ikunje pale vidole vinapopinda, kwa upana ikae ngumu. Halafu tazama urefu: kama vifundo vyote viwili havijafunikwa, hicho ni kiatu cha harusi. Bonyeza pale pa kifundo na kisigino, usikie kigumu au sponji nene. Ngozi iwe ngozi kweli. Resini, ile ngozi ya bandia, ikikwaruza lami inachanika kama karatasi.

Na huu ndio mtego mkubwa wa mitumba. Kuna soli nyepesi za povu, zinapendeza sana, buti limekaa stoo Ulaya miaka, halijavaliwa hata mara 2. Unalinunua unajiona umeokota dodo chini ya mwarobaini. Wiki mbili kwenye unyevu wetu huu, soli inamong'onyoka kama keki kavu. Si gundi hiyo, hakuna ninachoweza kukubandikia, ni povu lenyewe limeoza. Ichome soli kwa ukucha kabla hujatoa hela. Ikiacha shimo au ikitoa unga, rudisha mezani. Tafuta soli ya mpira iliyoshonwa pembeni kwa uzi.

Shemeji yangu baharia aliniletea buti halisi za pikipiki. Ndani pana kitambulisho chenye kapicha ka mtu juu ya pikipiki na maandishi EN 13634, chini yake namba nne. Ndiyo kipimo cha Ulaya cha viatu vya pikipiki: namba ya kwanza ni urefu, ya pili kukwaruzwa, ya tatu kukatwa, ya nne ni hilo la soli kubanwa kwa upana. Kila mojawapo huandikwa 1 au 2: moja inatosha, mbili ni bora zaidi. Ukilikuta mitumbani na saizi yako, usibishane sana bei.

Jambo la mwisho, wengi wanaacha buti kwa sababu "gia haiingii". Buti ni nene, kidole hakipiti chini ya pedeli. Hilo halihitaji kuvua buti. Fungua nati ya pedeli ya gia, kwa pikipiki nyingi spana namba 10, ichomoe kwenye meno yake, ipandishe jino moja, rudisha, kaza. Dakika tano. Wenye gia ya kukanyaga mbele na nyuma hata shida hiyo hamna, mnapandisha kwa kisigino.

Mzee wa Barabara ya 12

Vijana, mimi si mwendeshaji, mwanangu ndiye mwendeshaji. Nimeona mmoja kasema ndala ni kwa ajili ya msikiti. Nimelisikia sana hilo hapa Ngamiani. Iko ruhusa, wakati wa kutawadha, ya kupangusa juu ya khofu badala ya kuosha miguu, yaani kiatu cha ngozi kilichofunika vifundo, kikiwa safi, ukiwa umekivaa na udhu wako. Mkazi usiku na mchana mmoja, msafiri siku tatu. Masharti yake ni mengi, mkamuulize sheikh wenu, na kuingia na buti la tope kwenye zulia la watu sijasema. Nimesema tu dini msiifanye kisingizio cha kandambili.

Kijana wa Kange

Mzee shikamoo. Hilo sikulijua. Lakini joto mzee wangu, joto!

Mkata Mkonge

Joto dawa yake soksi za pamba pea mbili, ya kuvaa na ya kubadilisha saa saba. Usiku buti unalifungua ulimi, unasokomeza gazeti ndani, asubuhi gazeti limelowa buti kavu. Usilianike juani likakauka kama ngisi, ngozi inapasuka. Mimi nina pea moja mwaka wa nne.

Mimi hata sikuanguka. Napita njia ya ndani ya shamba, mkonge pande zote, jani limeinama njiani. Nimevaa yeboyebo, mguu uko juu ya kikanyagio, natembea pole tu. Ule mwiba wa ncha ya jani uliingia kati ya kidole gumba na cha pili ukakatikia ndani. Aliyeleta mkonge Pangani mwaka 1893 alisifiwa sana, mimi siku hiyo nilimtaja kwa maneno mengine. Mguu ulivimba kiatu hakiingii, siku 9 sijatoka kazini wala kuingia.

Mama Wawili, Sahare

Fundi wa Makorora, mume wangu anavaa 43, ana buti la ngozi zuri ila zipu imekufa, sasa anasingizia zipu ili arudi kwenye ndala. Unaweka zipu?

Fundi wa Makorora

Naweka dada, ya chuma, na nashonea kipande cha ngozi nyuma yake isikukwaruze. Mlete baada ya alasiri. Zipu ikae upande wa ndani wa mguu, si wa nje, maana wa nje ndio unaolala barabarani.

Kijana wa Kange

Fundi, na namba 46 zinapatikana? Mguu wangu mkubwa, mitumbani nakuta za 41 tu.

Mgosi wa Duga

Mdogo wangu, mimi ndiye 46. Ninazo za kazi za zamani, ngozi, zimefunika kifundo, soli ya kushonwa, zimelala uvunguni tangu nilipoacha kazi kiwandani. Ya kushoto siwezi kuijaribu mwaka huu. Pita nyumbani uzibane soli kama fundi alivyoelekeza, zikikataa tutakunywa chai tu.