Ukoo wa Kibosho: fomu ya Neema

Jumapili

Mama Neema: Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Nina jambo naomba tulijadili. Shule ya Neema hapa Leeds inaleta wanafunzi Tanzania mwezi wa saba. Siku tano Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kisha wiki moja ya kujitolea kwenye shule ya msingi huko Moshi. Fomu ya ridhaa inatakiwa Ijumaa. Baba Neema yuko zamu, kasema niulize nyumbani kwanza.

Bibi: Milele amina. Marahaba mwanangu. Neema anakuja nyumbani!! Nitamchinjia mbuzi.

Neema: Shikamoo Bibi 🥰 tuko ishirini na mbili lakini

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Basi mbuzi wawili.

Baba Mdogo: Shemeji habari za huko. Hizo siku tano ni za kupanda na kushuka zote pamoja?

Mama Neema: Nzuri shemeji. Ndiyo, zote. Siku ya kwanza kambi ya Mandara, ya pili Horombo, ya tatu Kibo, usiku huohuo wanaenda kileleni na kurudi kulala Horombo. Siku ya tano getini.

Baba Mdogo: Hapo sikubaliani nao. Niko Himo naendesha, nikifika natuma sauti.

Shangazi: Wifi, usisaini kitu kwanza.

Neema: Shangazi jamani 😩 marafiki zangu wote wameshasaini

Shangazi: Nasikia mwanangu. Utakuja tu, lakini uje vizuri.

Baba Mdogo: 🎤 (dakika 4)

Babu: Sauti haisikiki vizuri kwenye simu yangu. Aloyce andika.

Mwl. Aloyce: Sawa Babu. Anasema hivi:

"Mandara ni kama mita 2,700. Horombo 3,720. Kibo 4,700 na kitu. Yaani kila siku mtoto anapandishwa mita elfu moja na kulazwa hapo. Madaktari wa milima wanasema ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale. Ratiba ya siku tano inavunja hilo mara mbili mfululizo. Na inauzwa kwa sababu ada za hifadhi zinalipwa kwa siku, ukipunguza siku moja kwa kundi zima ni fedha nyingi. Mtoto anafika Kibo jioni hoi, hamu ya kula hana, analala saa chache, usiku wa manane anaamshwa aende 5,895. Ubavu hausaidii pale. Nimeona wanamichezo wamekaa chini pale pango la Hans Meyer wanatapika, na mama mtu mzima anawapita taratibu. Mlima unataka siku. Wakiwa na siku saba au nane kwa njia ya Lemosho, wanapita Lava Tower mita 4,600 mchana na kushuka kulala Barranco chini ya 4,000. Mwili unaonja juu, unalala chini. Wakilazimisha Marangu, basi angalau siku sita, walale Horombo mara mbili, na siku ya katikati wapande hadi Zebra Rocks warudi. Na shemeji, sina biashara na hao wanaowapeleka. Nasema kwa ajili ya mtoto wetu."

Babu: Nimeelewa. Lemosho wanashukia wapi?

Baba Mdogo: Mweka, Baba. Hapo juu yetu tu.

Bibi: Basi iwe hiyo Lemosho!

Mama Neema: 🙏🏾 Kwenye karatasi wameandika kampuni inafuata BS 8848. Nimeisoma, ni kiwango cha Uingereza cha safari za nje za namna hii, namba yenyewe ni urefu wa Everest. Kinataka mwandaaji aoneshe nani anawajibika kwa kila kitu, hata vile alivyompa mtu mwingine afanye. Kwa hiyo nina haki ya kuuliza.

Shangazi: Uliza wifi. Mimi swali langu la kwanza ni pumu.

Neema: Sijabanwa tangu kidato cha kwanza

Shangazi: Najua mama. Lakini mlimani kuna vumbi na baridi kali, vyote vinachokoza kifua. Uwe na inhela mbili, moja kwako na moja kwa mwalimu. Yako uivae ndani ya koti karibu na mwili, ikipoa sana haitoi dawa inavyotakiwa. Usiku ulale nayo ndani ya begi la kulalia. Na asiwepo mtu wa kusema begi la dawa limetangulia na wagumu (wapagazi).

Baba Mdogo: Hilo la mwisho ni kubwa. Wagumu wanatangulia kambini, mtoto anabaki njiani na jaketi tu.

Mama Neema: Na Diamox, ile dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko? Wameandika "hiari ya mzazi".

Shangazi: Nenda kwa daktari wenu wa safari, si duka la dawa. Kwa kinga watu wazima wengi hupewa miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema. Inatia vidole ganzi na kukojoza. Ajaribu akiwa nyumbani Leeds, aijue inavyomfanya. Lakini isiwe ndiyo ruhusa ya kukimbiza ratiba.

Neema: Ok sawa. Lakini swali. Nikisema kichwa kinauma si watanirudisha chini mimi tu na wenzangu wote wafike?

Mama Neema: Umeuliza jambo la maana Neema.

Baba Mdogo: Mwanangu, hilo ndilo swali kuliko yote yaliyoulizwa humu tangu asubuhi. Acha niandike mwenyewe.

Baba Mdogo: Nilikuwa naongoza kundi la shule mlimani, jina siitaji. Kijana mmoja kichwa kilimuuma tangu kambi ya pili. Hakusema. Alimeza vidonge vya rafiki yake, akawa anatabasamu kila tukimuuliza. Wazazi walikuwa wamechanga fedha za hisani kwa jina la kufika kileleni, na mwalimu alikuwa akiwaambia kila asubuhi "hatumwachi mtu nyuma". Kambi ya mwisho nikamwona anafunga viatu, vidole havimtii. Nikamwambia atembee kwenye mstari, kisigino kigusane na kidole, kama polisi wanavyompima mlevi. Akayumba hatua ya tatu. Hapo ni ubongo umeanza kuvimba, hakuna cha kusubiri kuche. Tulimshusha usiku uleule kwa machela ya gurudumu moja, oksijeni puani. Alfajiri, chini, alikuwa anaongea vizuri na kuomba chai.

Shangazi: Asante Mungu. Na kwa kifua, mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inabadilika rangi. Hapo pia ni kushuka, saa hiyohiyo. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kikionesha namba nzuri na mtoto anayumba, mwamini mtoto.

Baba Mdogo: Kwa hiyo Neema, kichwa kidogo si kesi ya kurudishwa. Unasema, unapumzika, unakunywa maji, haupandi juu zaidi mpaka kiishe. Wengi kinaisha. Anayerudishwa kwa haraka usiku ni yule aliyeficha.

Neema: Ahaa. Hawajatuambia hivyo. Wametuambia tu pole pole na maji lita tatu

Mama Neema: Shemeji, niulize nini hapo? Nipe maneno.

Baba Mdogo: Uliza nani ana neno la mwisho la kumrudisha mtoto. Atajwe kwa jina na cheo. Mwalimu? Kiongozi mkuu? Daktari wa kundi? Je, kiongozi wa hapa akisema "huyu ashuke", mwalimu anaweza kumpinga? Isiwezekane. Halafu uliza akishuka mmoja, anashuka na nani. Na wakishuka wawili, na watatu usiku huohuo? Watu wazima watabaki wangapi na waliobaki? Idadi hiyo iwe imeandikwa kabla hawajapanda ndege.

Mwl. Aloyce: Na ni lini kundi zima linageuka.

Baba Mdogo: Ndiyo. Saa ya kugeuka iwekwe, hata kilele kikiwa kinaonekana.

Mama Neema: Naandika. Hapa watu hawajasahau Svalbard 2011. Dubu mweupe aliingia kambi ya vijana wa Uingereza, waya wa kengele haukulia, bunduki ikakataa kufyatuka, kijana wa miaka 17 akafa. Vifaa vilikuwepo. Kwa hiyo na mimi nataka kujua nani ameijaribu hiyo mitungi ya oksijeni.

Baba Mdogo: Mama, umenena. Mtungi uonekane umejaa, vali iwe inashika, na barakoa iwe ya saizi ya mtoto. Helikopta ipo lakini haipai kwenye wingu wala usiku, wasiitaje kama mpango wa kwanza. Bima itaje mita 6,000 kwa maandishi, nyingi zinaishia chini ya hapo. Mtandao sasa upo, TTCL walifikisha intaneti Horombo Agosti 2022, ila juu zaidi wasiutegemee, wawe na redio na simu ya satelaiti.

Bibi: Mnanitisha mtoto.

Babu: Hawamtishi. Waache waseme. Mimi la kwangu ni barabara. Mlima tumeishi chini yake, haujatumaliza. Barabara ndiyo imetumaliza. Mei 2017 pale Karatu, watoto 32 wa shule kutoka Arusha, walimu wawili na dereva, asubuhi moja, wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Nilikuwa na redio, sikula siku ile. Hao wa Leeds wanatoka uwanjani kwa gari la nani? Saa ngapi?

Mama Neema: Sijui Baba. Hawajaandika.

Babu: Basi iwe ya kwanza kwenye karatasi yako.

Mwl. Aloyce: Kweli Babu. Mikanda kila kiti, gari lisizidishe, wasisafiri usiku. Ndege ikitua KIA usiku walale hukohuko karibu na uwanja. Dereva aliyewashusha mlimani asiwe yuleyule aliyekesha. Na bodaboda marufuku kabisa kwa wanafunzi, hata kwenda dukani. Vijana wakija hapa hicho ndicho wanachotaka kujaribu.

Neema: 🙈

Mwl. Aloyce: Hiyo wiki ya kujitolea wanafanya nini hasa?

Mama Neema: "Kujenga darasa na kucheza na watoto. Ziara ya siku mbili kwenye kituo cha yatima."

Mwl. Aloyce: Dada, hapa nasema kama mwalimu wa shule ya aina hiyo. Darasa lijengwe na fundi. Vijana wachanganye zege, wasombe tofali, wapake rangi, na fundi awasimamie. Viatu vya kufunika, glavu, miwani, saruji ikiingia jichoni si mchezo. Wasipande jukwaa la ujenzi. Tumewahi kupokea wageni wakajenga ukuta, wakaondoka, fundi akaubomoa kimyakimya ili usiangukie watoto wetu. Na sisi pia tunalinda watoto wa watu. Nani amewakagua hao wageni wazima? Picha za watoto wetu zinaenda wapi?

Mwl. Aloyce: Kituo cha yatima waondoe. Mtoto aliyepoteza wazazi anakumbatiwa na mgeni siku mbili, siku ya tatu mgeni hayupo, wiki ijayo anakuja mwingine. Na Australia mwaka 2018, walipotunga sheria yao ya utumwa wa kisasa, walitambua suala la watoto kuchukuliwa kwao na kuwekwa vituoni kwa sababu ya wageni na fedha zao. Si vituo vyote, lakini wanafunzi wa siku mbili watajuaje?

Neema: Sikuwahi kufikiria hivyo kaka Aloyce. Tungefanya nini badala yake?

Mwl. Aloyce: Mje shuleni, mfanye klabu ya sayansi na watoto wa rika lenu, walimu wakiwepo. Mtajifunza Kiswahili kizuri pia.

Shangazi: Na viza. Kujitolea kwa viza ya utalii hairuhusiwi, Uhamiaji wanakagua. Shule iwaombee vibali mapema.

Baba Mdogo: Na siku ya mapumziko! Wanawapeleka Chemka kuogelea au maporomoko ya Materuni, walimu wamechoka, kila mtu kalegea. Nani anajua kuogelea, nani anaangalia maji, ile kamba ya kurukia nani anaisimamia. Ajali hupenda siku hiyo.

Shangazi: Mbwa wasiguswe. Aking'atwa au kukwaruzwa, maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo hata kama alichanja. Dawa ya malaria ameze, Moshi mjini malaria ipo. Na wifi nakufuata pembeni kuhusu hedhi. Uliza kama kuna mwanamke kati ya viongozi wa mlimani, maana msichana hatamwambia mwanamume mgeni kila kitu.

Mama Neema: Asanteni sana. Natuma barua kwa shule usiku huu.

Alhamisi

Mama Neema: Wamejibu. Mwalimu mratibu amenipigia mwenyewe, tumeongea karibu saa nzima, na wazazi wengine wanne nao waliuliza baada ya kuona barua yangu. Njia imebadilishwa, Lemosho siku nane, tutaongeza fedha. Kituo cha yatima kimeondolewa. Neno la mwisho ni la kiongozi mkuu wa hapo nyumbani, limeandikwa, na mwalimu hana ruhusa ya kulipinga. Viongozi wawili ni wanawake. Gari la uwanjani wameleta jina la kampuni na ratiba ya mchana.

Baba Mdogo: Na wakishuka watatu usiku mmoja?

Mama Neema: Hilo bado. Wanasema wataongeza mwalimu mmoja, wananijibu kesho. Sijasaini mpaka nijibiwe.

Neema: Na mimi nimewaambia darasani kuhusu kutembea kwenye mstari. Sasa kila mtu anajipima 😅

Babu: Vizuri mjukuu wangu. Usisaini Mama Neema, subiri hiyo kesho.

Bibi: Nitakuwa getini Mweka. Aloyce utanipeleka.

Mwl. Aloyce: Nitakupeleka Bibi.

Shangazi: Wifi, ndege yao inapita wapi? Kama ni Addis na wanasubiri zaidi ya saa 12, watadaiwa cheti cha homa ya manjano KIA. Na cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya chanjo, msiiache mpaka wiki ya mwisho.