Naomba ushauri: masika yananikatishia mazoezi

Wakuu, habari za jioni. Tangu kiangazi, nikitoka kazini nashuka Makumbusho, namalizia kwa miguu hadi Mwenge. Ni kama nusu saa, lakini usingizi umerudi na zile hasira za foleni siwapelekei tena watoto. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afikishe angalau dakika 150 kwa wiki, kwa hiyo siku tano zinatosha.

Sasa mvua ndiyo hiyo. Pembeni ya barabara madimbwi matupu, na bodaboda wanakurushia matope bila huruma. Jimu sitaki (hela yenyewe iko wapi?). Sebule nayo makochi yamemaliza nafasi. Mnaoishi ghorofani, mnafanya zoezi gani la kila siku lisilomkera jirani wa chini? Kamba nimeshakatazwa.