Albamu niliyoiponda sasa naipenda, nifanyeje?

Habari wanajamii. Bien wa Sauti Sol, lile kundi la muziki la wanaume wanne kutoka Kenya, alipotoa albamu yake ya kwanza peke yake, Novemba 2023, niliisikiliza mara moja tu nikiwa kwenye matatu, spika za dereva zikishindana na earphone zangu. Jioni hiyohiyo nikaandika kwenye grupu letu la WhatsApp: "Bila wale watatu, hamna kitu." Kusema kweli nilikuwa natafuta zile sauti nne zilizopangana. Mashairi hata sikuyasikia.

Sasa naicheza kila nikiosha vyombo, siruki wimbo. Shemeji yangu aliihifadhi ile meseji, na kila nikiisifu anairusha tena grupuni.

Kinachonisumbua ni kwamba vijana wa grupu hunisubiri mimi niseme kabla hawajatumia bando zao. Wapo waliofuta albamu ile kwa neno langu.

Naomba ushauri: nyie huipa albamu mpya ya mtunzi siku ngapi kabla ya kutoa hukumu? Mnaanza na mashairi au mdundo? Na je, nikiri hadharani kwamba nilikosea, au nipotezee tu? Shemeji hatasahau, huyo namjua.