Riwaya za kutisha na dansi zifukuzwe shuleni? Wadau wa Moshi na Arusha, tujadili

Mama Soweto (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili bila matusi, maana mimi mwenyewe bado nina hasira na mtu mwenye hasira haandiki vizuri.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule moja ya bweni hapa hapa Moshi, jina naliacha. Wiki mbili zilizopita alikutwa na riwaya ya kutisha chini ya godoro. Kitabu ni changu. Nilikinunua mtumba, kina jumba la kale na maiti isiyotulia, na kurasa zimelegea kwa kusomwa na watu nisiowajua. Kikachukuliwa. Sawa, utaratibu ni utaratibu. Ila sasa kimeitishwa kikao cha wazazi Jumamosi ijayo, na kwenye ajenda mambo mawili yamefungwa kamba moja: kuondoa kabatini "riwaya zote za kutisha na za kihistoria zisizo za mtaala", na kufuta klabu ya dansi ya Ijumaa. Sababu iliyoandikwa: "kulinda maadili na ufaulu".

Nijitambulishe kabla hamjanipaka rangi. Ni mshonaji, nina cherehani mbili kibarazani. Miaka kama ishirini sasa nasoma riwaya za aina mbili tu, za kihistoria na za kutisha. Za mapenzi zinanisinzisha. Na Jumamosi jioni nikipata nafasi nasakata rumba mpaka narudi nyumbani viatu viko mkononi. Kanisani naenda, watoto nasomesha, marejesho ya VICOBA sijawahi kuchelewesha. Hayo maadili yaliyoharibika yako wapi? Nionesheni.

Msimamo wangu: huku kwetu ukimwondolea mtoto hadithi ya kutisha umemwondolea na historia, kwa sababu ni hadithi ile ile. Mangi Meli, chifu wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, jumla yao 19. Inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake amelisaka hilo fuvu miaka na miaka mpaka akatoa sampuli ya vinasaba. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, waliokuwa wakichunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani, walitangaza kwamba wamepata ndugu walio hai wa mafuvu matatu, hapa Tanzania. La Meli halikupatikana. Simulia hayo usiku umeme umekatika uone nani atakwenda chooni peke yake. Na hakuna mwandishi aliyeyatunga. Na hayo nayo tuyatoe kabatini?

Nawasilisha.

Mzee wa Kanisa, Kiboriloni

Mama, hasira yako naielewa ila siungi mkono. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto wa bweni ametumwa kusoma, ada inalipwa kwa kahawa na ndizi za watu. Leo rumba, kesho kigodoro. Leo maiti ya kwenye kitabu, kesho anaogopa kivuli chake. Unayofanya wewe mtu mzima Jumamosi yako si lazima yawe ratiba ya shule.

Chalii wa Ngarenaro

Mzee shikamoo. Ila rumba mpaka kigodoro umeruka vituo vingi sana, hata daladala ya Kwa Mrombo inasimama njiani.

Mwalimu wa Historia, Arusha

Nitawakera wote. Nafundisha Historia sekondari ya kutwa hapa Arusha, na riwaya za kutisha sina shida nazo kabisa. Mtoto anajua zimwi halipo. Shida yangu ni hizo za kihistoria ambazo mama anazitetea kwa pumzi moja na zile nyingine.

Wakati fulani nilisahihisha mtihani wa majaribio, swali la Maji Maji. Wanafunzi wanne walimnukuu "Kinjeketile" neno kwa neno, kama ushahidi. Maneno yale ni ya tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969! Na Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kisanaa, si Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule mganga wa maji ya Maji Maji, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Hata herufi alibadilisha. Watoto wangu hawakuona herufi, waliona mtu. Nikawapa sifuri, na mmoja akalia akaniambia, "Lakini mwalimu, nimesoma."

Mwandishi mbovu hana madhara. Yule fundi ndiye anayenitia wasiwasi, kwa sababu anaziba pengo la historia kwa ustadi mpaka mtoto haoni kiraka kilipo. Mimi nina vipindi vichache kwa wiki na darasa limefurika. Nitafumua viraka saa ngapi?

Mama Soweto

Mwalimu, hapo umenigusa kwenye kazi yangu. Kiraka kizuri hakionekani kwa nje, kweli. Lakini mwanafunzi wangu wa ushonaji siku ya kwanza namfundisha kugeuza nguo ndani nje. Simfichi nguo.

Nikupe langu. Kuli ya Adam Shafi nilikuta kwa shangazi, haina jalada. Nikasoma mgomo wa makuli wa bandarini Unguja nikadhani katunga. Nikauliza watu, nikaambiwa mgomo ulikuwepo, mwaka 1948. Shuleni sikumbuki kusikia hata sentensi moja juu ya wale watu. Kwa hiyo riwaya ilinipa swali, swali likanipeleka kwenye historia. Wale wanne wako, nasema kwa heshima, hawakukosea kusoma. Walikosea kukomea pale.

Mwalimu wa Historia, Arusha

Walikomea pale kwa sababu hawakuwa na kitabu cha pili. Hilo silo la mwandishi, nakubali. Ila sifuri niliyowapa siifuti.

Matroni

Naomba na mimi nisikilizwe, maana wote mnaoongea mnalala kwenu. Mimi nalala bwenini na wasichana mia na kitu. Saa nane usiku anapiga kelele mmoja, kaona mtu dirishani. Dakika tano wamekuwa kumi. Wengine wanaanguka, wengine wanakimbilia getini bila viatu. Asubuhi mzazi anapiga simu anauliza shule ina majini gani. Mlishawahi kumbeba mtoto wa miaka kumi na sita aliyekakamaa kama gogo? Mimi nimebeba, na siku mbili kabla yake kitabu kilikuwa kimezunguka vitanda vyote, kinasomwa kwa tochi.

Sisemi dansi ni mbaya. Dansi ya Ijumaa inawachosha wanalala, kwangu ni baraka. Nasema hicho kitabu.

Chalii wa Ngarenaro

Pole matroni, kazi yako ngumu. Lakini Kashasha, kule Bukoba, Januari 1962, wasichana walianza kucheka hawanyamazi. Wakafika 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, hawakukuta kitu, wakasema ni hofu na msongo vinavyoambukizana. Hapo hakuna aliyetajiwa riwaya ya kutisha.

Matroni

Kashasha naijua, baba, na umenisaidia mimi. Hofu inaambukiza. Bweni limejaa petroli tayari: mtihani, njaa ya jioni, kukosa usingizi, nyumbani mbali. Petroli siwezi kuimwaga yote. Kiberiti naweza kukichukua.

Mdau wa Njoro

Matroni ana hoja nzito kuliko sisi wote, na mleta mada asiikwepe. Ila angalieni ajenda ilivyoandikwa. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipozuia vitabu 16 mashuleni ilitaja kila kitabu kwa jina, watu wakajua cha kubishania. Hawa wanafungia aina nzima ya fasihi. Nani atapima kipi kinatisha? Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, ikazuiwa mashuleni, haina jini hata mmoja. Kilichowatisha wakubwa ni kwamba ilisema ukweli kuhusu wasichana na wanaume wenye heshima zao. Leo watu wanaiandikia tasnifu vyuoni. Na kile cha Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, si kitaondoka kwa jina tu? Wakati humo ndani Bwana Msa, mpelelezi wake, anatumia akili mwanzo mwisho, mzimu haumbabaishi!

Mzee wa Kanisa, Kiboriloni

Hicho cha Bwana Msa nilikisoma nikiwa kijana. Kibaki. Dansi sijabadilisha.

Babu wa Old Moshi

Wanangu nawasalimu. Mjukuu ndiye anaandika, mimi nasema.

Habari ya Meli mama ameieleza sawa, na mti bado upo Tsudunyi, njooni muuone badala ya kubishana kwenye simu. Mimi naongelea dansi kwa sababu naona mnaiacha pembeni kama mtoto wa kambo.

Babu yangu alikwenda vita ya Wajerumani na Waingereza akiwa mpagazi. Aliporudi hakusimulia vita. Alicheza beni, ngoma ya kuiga bendi na gwaride la kijeshi. Watu wa pwani walikuwa wameianza, askari na wapagazi wakaisambaza bara, huku kundi la Marini na kule wapinzani wao Arinoti, wanajipanga mistari, wana vyeo vya kijeshi, wanaiga wazungu wao mpaka saluti. Tulipokuwa watoto tulicheka. Baadaye sana nikaelewa kwamba pale alikuwa anatueleza aliyoyaona huko, mdomo ulikuwa haujui pa kuanzia.

Mwaka 1969 nilikuwa kijana, niko Dar es Salaam natafuta kazi. Mwezi wa kumi na moja muziki wa soul ukapigwa marufuku, eti unaharibu vijana. Na mwaka ule ulianza na operesheni ya kupiga vita sketi fupi. Tulicheza vichochoroni, redio imefunikwa kwa blanketi. Sasa nina miaka inayokaribia themanini, nimekuwa mzee wa baraza, na magoti ndiyo yamenikataza, si serikali. Huyo mzee mwenzangu wa Kiboriloni nahisi naye alikuwepo kichochoroni. Aseme.

Mzee wa Kanisa, Kiboriloni

Nilikuwepo Moshi. Sisemi zaidi, wajukuu wanasoma hapa.

Chalii wa Ngarenaro

😂😂😂 Mada imekwisha.

Mama Soweto

Haijakwisha, chalii. Aika (asante) babu, nimesoma mara mbili.

Matroni, nakujibu wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyeninyima usingizi jana. Kitabu kisilale bwenini. Hapo nimekosea mimi, nilimpa binti bila kufikiri anakwenda kukisoma wapi na nani. Mimi nikisoma nina mlango wa kufunga na mume anayekoroma, yeye ana vitanda hamsini gizani. Jumamosi nitasimama niseme hivyo hivyo mbele ya wazazi: visomwe mchana, maktaba, viandikwe kwenye daftari la mwalimu. Lakini nitapinga ajenda ya kuondoa aina nzima, na nitaomba dansi ifunguliwe ile kamba, ijadiliwe peke yake, maana matroni mwenyewe anasema inawalaza. Mwalimu, kama una orodha ya vitabu vya pili, vile vya kweli vya Maji Maji na vya huku Kilimanjaro, niandikie. Nitanunua viwili kwa kuanzia, mashati ya sare nimeshonea shule nyingi, hela ipo kidogo.

Mwalimu wa Historia, Arusha

Nakuandikia kesho baada ya kipindi cha tatu. Na viwili havitoshi darasa moja, lakini lete.

Matroni

Daftari likiwepo na kabati lina ufunguo, sina ubishi. Ufunguo nikae nao mimi.

Mzee wa Kanisa, Kiboriloni

Nitakuwepo kikaoni, nina mjukuu hapo. Dansi nitapiga kura ya hapana.

Mdau wa Njoro

Mama, na kile cha maiti isiyotulia, wakikurudishia nikiazime? Sijajua iliishia wapi.