Simba kaja Pemba na boti gani?

Binti wa Wete
Assalam alaykum. Naandika hadithi ya mapenzi kwa vipande, nimefika cha tisa. Kijana nimemwita simba tangu mwanzo: macho ya simba, mwendo wa simba, kunyatia kila saa. Msichana ndiye swala. Juzi nikamsomea shangazi yangu huku anachambua karafuu. Kanisikiliza mpaka pale simba anaporuka, akauliza bila kuinua uso: "Na huyo simba kaja Pemba na boti gani?"

Nilicheka, lakini limenikaa. Simba sijamuona ila kwenye runinga. Halafu kuna jengine: swala akishakamatwa huliwa, hadithi imekwisha. Mie nataka waoane! Nibadilishe wanyama, au niwaache?

Mzee wa Ng'ambo
Waalaykum salaam mwanangu. Sisi Unguja tulikuwa na chui, lakini nakusihi usimchukue. Huku ukitaja chui mtu hafikirii mapenzi, anafikiria nani anayemfuga, maana wazee waliamini wapo wachawi wenye chui wao wa kuwatuma. Ukimwita bwana harusi chui, wasomaji watamtafutia binti mganga.

Swala wako mwite paa umwache, ila usimfanye kitoweo. Kikumbuke kisa cha Sultani Darai, kile alichokusanya Steere, yule mmisionari Mwingereza, hapa Unguja akakichapisha 1870. Maskini kanunua paa kwa themuni aliyoiokota jaani. Ni paa aliyemposea binti wa sultani, ni paa aliyemuua nyoka wa vichwa saba. Yule maskini, bwana wake, kalala tu. Paa alipougua, bwana akaamuru apikiwe uji wa mtama! Paa akafa, bwana akajikuta yuko jaani anachakura kama zamani. Mapenzi yamo, hiana imo, na simba hayumo.

Mchokoa Pweza
Mie siandiki, nasoma tu, ila bamvua, maji yakitoka mbali, hainipiti bila kuchokoa pweza. Huyo kijana wako ni pweza.

Pweza ndiye mwindaji wa pwani yetu. Akiwa juu ya jiwe utaapa ni jiwe, akiwa kwenye majani utaapa ni majani. Katulia mpaka kaa apite. Lakini ana ila moja: akishakula, magamba huyatupa mlangoni kwake. Kwa hiyo sisi hatumtafuti yeye, twatafuta magamba. Ukiona ya kaa na ya chaza yamelundikana mbele ya tundu, meupe, hayajaota kitu, mwenyewe yumo ndani. Sasa mwanamme wa wengi hujulikana kwa nini kama si hivyo hivyo? Kibanio cha nywele kwenye gari, risiti ya mkahawa ya watu wawili.

Mpe msichana wako mchokoo, kijiti cha kuchokolea pweza, mteremshe pwani maji yakitoka. Na hapo usikimbilie mbele, hapo ndipo penye hadithi. Pweza ukimgusa hukimbilii kumvuta, maana keshakuzunguka mkono mpaka kiwiko, anabana, na wewe unabana. Nikirudi nyumbani nakuta viduara vyekundu mkononi, vimejipanga kama shanga. Kwa muda ule hujui nani kamshika nani.

Yakhe wa Forodhani
Bibie kasema vizuri, lakini pweza akitoka majini hupondwa mpaka alainike, kisha supu. Na supu yenyewe wanaume wanaifuata kwa sababu zao, tusizitaje hapa. Dada anataka ndoa, nyie mnampa mapishi.

Mchokoa Pweza
Yakhe, kwani ndoa yako wewe hukupondwa ukalainika?

Binti wa Wete
Ahsanteni nyote, na Mzee shikamoo. Nimemsomea shangazi yale ya magamba mlangoni. Safari hii kaacha karafuu, kajifuta mikono, kasema: "Huyo namjua. Kakaa Chake Chake mwaka mzima." Hataki kuniambia zaidi. Simba nishamfuta, naanza tena kipande cha kwanza, na kesho naenda kumchambulia karafuu mimi labda atasema.