Mtoto ameungua kwa chai: lengelenge lipasuliwe?

Mama Nuru: Habari zenu. Jana mwanangu wa miaka miwili alivuta kikombe cha chai ya moto kikammwagikia mkononi, tukamkimbiza kitengo cha dharura, ambako walimsafisha, wakamfunga bandeji na kumpa dawa ya maumivu. Leo lengelenge limejitokeza pembezoni mwa bandeji, na bibi yake anasisitiza lipasuliwe kisha lipakwe dawa ya meno. Naombeni ushauri.

Muuguzi Tanga: Pole sana, mama, na mtoto umpe pole. Lengelenge lisipasuliwe, kwa kuwa ngozi ile huzuia vijidudu kuingia kwenye kidonda, na dawa ya meno hukera ngozi iliyoungua na kumfanya daktari ashindwe kuona kina cha jeraha. Mrudishe mapema akipata homa, jeraha likitoa usaha, au ikiwa vidole vimeungua, maana vikipona vibaya vinaweza kujikunja. Chukua na kadi ya kliniki, ili waangalie chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, ambazo ndani yake imo kinga ya pepopunda.

Baba Wawili: Bibi mwelezeni kwa heshima, kwani naye anamhurumia mjukuu wake. Kwa wazazi wengine: mtoto akiungua, mpitishieni maji safi ya bomba, wala si barafu, kwa dakika 20 kabla ya jambo lingine lolote.

Mama Nuru: Ahsanteni sana. Vidole viwili vimeguswa, kwa hiyo tunarudi hospitali leo hii.